Kicheko cha Ndeshi

Masika yalipokolea na mvua kunyesha mchana kutwa, hakuna aliyeweza kwenda shamba. Siku hizo Sumari alikuwa akivuka ua, akiinama kwenye mlango wa Ndeshi, mke wake mdogo, na kuingia bila kubisha. Nkasiogi, mke mkubwa, alikuwa ng'ambo, chini ya upenu wa nyumba yake, akimenya ndizi. Hakuwa akisikiliza. Ndivyo alivyojiambia. Lakini mvua ile, pamoja na kelele zake zote juu ya migomba, haikuweza kukifunika kicheko.

Hakikuwa kicheko cha mzaha. Kilianza chini, kikapanda kwa kusitasita kama mtu anayekwea kilima na mzigo kichwani, kisha kikamwagika. Halafu Sumari naye akacheka, kwa sauti ambayo Nkasiogi hakuwahi kuisikia tangu aolewe naye, na ilikuwa imepita miaka kumi na minane.

Aliendelea kumenya hadi utomvu ukamgandia vidoleni.

Nkasiogi alikuwa binti wa Waarusha, kutoka upande wa mlima linakozama jua, akaolewa huku Akheri kwa Wameru, ambako mama mkwe alimcheka matamshi yake mpaka siku alipokufa. Alizaa watoto watano, akazika wawili. Kwao hakukuwa na kwao tena: Wajerumani walipopiga watu wa mlima, kaka zake wote waliishia kwenye risasi, na ng'ombe wa baba yao wakaswagwa. Kwa hiyo aliishika nyumba ya Sumari kama mtu aliyeshika mzizi kwenye ukingo wa korongo.

Mambo ya kitandani kwake yalikuwa mafupi. Mume alikuja kama mtu anayekuja kuchukua jembe lake: analichukua, analitumia, analirudisha. Nkasiogi hulala akimtazama mbuzi aliyefungwa pembeni, naye mbuzi humtazama. Hakujua kama kuna zaidi. Alipomwuliza shangazi yake zamani, siku chache kabla ya kuolewa, shangazi alimjibu, "Utazoea," na kweli alizoea. Kisha Ndeshi akaja, mjane wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, mwenye pengo la meno ya mbele, akaanza kucheka.

*

Mwaka ule ilipoonekana nyota yenye mkia, Sumari aliamua kuingia misheni. Hakuamua kwa ajili ya nyota. Makaburu walikuwa wamepewa ardhi kule tambarare, askari walikuwa wakipita kukamata watu wa kulima barabara, na mtu mwenye barua ya mchungaji alisumbuliwa kidogo kuliko wengine. Tena alitaka mwanawe Simel ajue kusoma.

Lakini ubatizo ulikuwa na mlango mwembamba: mke mmoja.

Walikaa nje ya kanisa pamoja na wazee kusikiliza shauri, Sumari kwenye benchi na wake zake wawili chini kwenye majani. Mchungaji Mzungu alikuwa mgeni, hajui Kimeru, kwa hiyo kila neno lilipita kinywani mwa Mwalimu Mika. Mika huyu alikuwa mtu wa Akheri hapo hapo, mtoto wa jirani, ila siku hizi alivaa kanzu nyeupe na kutembea kama mtu aliyebeba mayai.

"Mchungaji anasema utabaki na mke wa kwanza," Mika alimwambia Sumari. "Ndiyo desturi."

Sumari alitazama miguu yake. "Namtaka Ndeshi."

Nkasiogi alihisi masikio yake yakiwaka moto. Mbele ya watu wote, mume alikuwa amemsukuma ukingoni kwa maneno mawili.

"Kwa nini?" Mika akauliza. "Nkasiogi amekuzalia wana wa kiume. Huyu amekuzalia binti mmoja tu. Kwa nini yeye?"

Sumari hakujibu mara moja. Akabanwa, akabanwa tena. Mwisho akasema, "Kwake najiona mtu."

Wazee walikohoa. Mika akamgeukia Ndeshi. "Wewe, unamfanyia nini mume wako hata akatae mke wa ujana wake?"

Ndeshi hakuinamisha kichwa. Labda ndilo lilikuwa kosa lake. "Simfanyii kitu, Mwalimu. Nilimwambia ninachokipenda. Nikamwonyesha mahali. Hakujua, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia. Naye alipoona nimefurahi, akafurahi. Ni hayo tu."

Mchungaji akasogea mbele kwenye kiti chake, akataka kutafsiriwa. Mika alifungua kinywa, akakifumba. Maneno yale hakuweza kuyapitisha kwenye masikio ya Mzungu, na pengine hata kwenye ulimi wake mwenyewe. Akasema kwa Kiswahili, haraka:

"Anasema anatumia dawa."

Nkasiogi alikijua Kiswahili cha wafanyabiashara wa misafara. Alilisikia neno *dawa*, akalielewa, akaona uso wa mchungaji ukijikunja. Ndeshi hakuelewa, alikuwa bado ameinua kichwa, akingoja kujibiwa. Neno moja la Nkasiogi lingetosha. *Sivyo alivyosema.* Lilimjia hadi kwenye meno.

Akalimeza. Alitaka kubaki na nyumba.

Jumapili iliyofuata, kwa amri ya mchungaji, Ndeshi alifunga vitu vyake kwenye ngozi moja ya mbuzi akashuka kwa kaka yake Makumira. Binti yake, Resiato, wa miaka minne, alibaki, maana mtoto ni wa baba. Alilia hadi akapoteza sauti. Nkasiogi ndiye aliyemshika mkono ili asimfuate mama yake, na mtoto akamng'ata. Alama ilikaa wiki mbili.

*

Nkasiogi akabatizwa Hanna, na Sumari akawa Thomasi, ingawa nyumbani hakuna aliyekumbuka kumwita hivyo. Mke wa mchungaji aliwakalisha wanawake wa ubatizo karibu na mfereji, akawapa sabuni wakasugue mafuta na udongo mwekundu. Shanga zilikatwa. Kisha akawavika magauni ya kitambaa cha merikani kutoka shingoni hadi kwenye visigino, akawa anasema, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mwili adui. Funika adui."

Hanna alifunika. Ilikuwa nafuu kwake. Tumbo lake lilikuwa na mikunjo na michirizi kama ardhi iliyopitiwa na maji, na mapaja yake yalisuguana alipotembea. Ndani ya gauni hakuna aliyeyaona, hata yeye mwenyewe.

Ila Sumari sasa hakuwa na ua wa kuvuka. Alikuja kwa Hanna kila siku mbili tatu, na kila mara aliondoka na hasira. Alikuwa amewahi kuonja kitu, na hiki hakikuwa hicho. Usiku mmoja alimwacha katikati, akajilaza chali.

"Wewe ni gogo," alisema. "Mtu anaweza kulala na gogo akaota moto. Na wewe? Hata moto huna."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, na hilo ndilo lililoumiza. Wiki ile Hanna alipika, akakata majani ya ng'ombe, akaenda kanisani, na neno *gogo* likawa linatembea naye.

Mwishowe akajitwika mkungu wa ndizi na kushuka Makumira.

Alimkuta Ndeshi akipalilia mahindi ya Kaburu mmoja karibu na mto. Alikuwa amekonda zaidi. Alimwona Hanna, akaegemea jembe, hakumsalimu.

"Resiato hajambo?"

"Hajambo. Anakula."

"Ananitaja?"

Hanna angeweza kudanganya. "Zamani alikutaja. Siku hizi kidogo."

Ndeshi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepigwa mahali palipokwisha kufa ganzi. "Umeteremka mlima wote huu kuniambia hilo, mama Simel?"

Hanna akashusha mkungu. Akasema, macho chini, na maneno yalimtoka moja moja: kuhusu gogo, kuhusu kicheko kile cha masika, kuhusu miaka kumi na minane. "Nifundishe," alisema.

Ndeshi akacheka, lakini si kicheko kile. "Umechukua mume. Umechukua mtoto. Sasa unataka na hiki?" Alitema mate kando. Akamtazama mwenzake aliyekuwa akitoka jasho ndani ya merikani. Kisha akasema, "Twende mtoni. Hapa msimamizi atatuona."

Kwenye maji, nyuma ya matete, alimwambia avue lile gauni. Hanna alikataa, akasihiwa, akavua. Alijifunika kwa mikono.

"Ondoa mikono. Unaona nini?"

"Naona ngozi iliyochanika."

"Unajua mimi nilikuwa naona nini? Nilipoletwa pale kwenu, siku ya kwanza nilikuona ukioga mferejini. Nikaona mapaja yale, na mgongo, na ule mwendo. Nikajiuliza, huyu mwanamume ana kichaa gani hata anifuate mimi kijiti? Nilikuonea wivu mwaka mzima."

Hanna alimtazama aone kama anadhihakiwa. Hakudhihakiwa. Hakuna mtu, mume wala mama, aliyewahi kumwambia kitu cha namna hiyo, na alipokisikia alitaka kulia na kupiga mtu.

"Mume wangu wa kwanza," Ndeshi akaendelea, "yule aliyekufa, alikuwa mtu wa kuuliza. *Hapa? Na hapa?* Ndiye aliyenifanya nijijue. Wako hawezi kuuliza. Kwa hiyo anza wewe. Mgeni utamwonyeshaje njia za nyumba usiyoijua mwenyewe? Jiguse. Usifanye haraka. Jiulize. Mwili utajibu, sio siku ya kwanza, lakini utajibu. Ukishajua, mshike mkono umpeleke."

Alimweleza mengine, bila kuficha na bila kucheka, kama mtu anayemfundisha mwenzake kusuka kikapu. Walipomaliza, alimsaidia kufunga vifungo vya mgongoni.

"Kwa nini umenisaidia?" Hanna akauliza.

Ndeshi alikaza kifungo cha mwisho. "Unamlaza mwanangu," alisema. "Mtu mwenye uchungu humlaza mtoto vibaya."

*

Ilikuwa mchana, mwezi wa sita, baridi na ukungu umeufunika mlima. Watoto walikuwa shule na malishoni, Sumari ameenda kwa fundi chuma. Hanna alifunga mlango. Siku nne za kwanza hapakuwa na kitu ila aibu na vidole vya baridi. Siku ya tano alisahau kuona aibu. Akili yake ilikuwa mbali, kwenye maneno ya *hapa? na hapa?*, na ghafla kitu kikamkaza kutoka kwenye nyayo, kikapanda, kikasimama, kikafunguka, kama wanaume wanapoondoa tope mdomoni mwa mfereji na maji yakakimbilia migomba. Aliuma mkono wake. Kisha akacheka. Alikisikia kicheko chenyewe kikimtoka, kinene kuliko cha Ndeshi, kicheko cha mwanamke mnene, na mbuzi pembeni akainua kichwa.

Halafu akaketi na kukasirika. Hakuwa amejiandaa kwa hasira. Miaka kumi na minane! Kitu hiki kilikuwa ndani yake muda wote, akiwa anachota maji, akiwa anazaa, akiwa anazika. Hakuna aliyemwambia. Shangazi alijua? Mama alijua? Alilia kwa ghadhabu mpaka wakati wa kupika.

Siku zilizofuata alibadilika. Hata mwendo wake ulibadilika. Wanawake kisimani wakamwuliza kama ana mimba. Alijipaka samli kidogo chini ya gauni, mahali asipoweza kuonwa na mke wa mchungaji. Alianza kuyapenda mapaja yake.

Alfajiri moja Sumari alimgeukia kama kawaida. Hanna alimshika mkono, kwa upole, akampeleka. "Hapa," alinong'ona. "Polepole, baba Simel."

Mkono ulisimama. Kwa muda kidogo ulikuwa mkono wa mtu anayekumbuka, na Hanna akadhani ameshinda. Kisha Sumari akauvuta kama aliyeguswa na siafu, akaketi.

"Nani amekufundisha?"

"Hakuna."

"Mke wangu wa miaka yote hii hajui kitu, leo anajua? Ni mwanamume gani?"

"Hakuna mwanamume, naapa."

Alimpiga kwa fimbo ya kuchungia. Alimpiga huku yeye mwenyewe akilia, na Hanna, akijikinga uso, alielewa kwamba haadhibiwi tu kwa kudhaniwa mzinzi. Alikuwa akiadhibiwa kwa kuwa si Ndeshi, na papo hapo kwa kufanana naye. Resiato alisimama mlangoni akitazama yote, kidole kinywani.

Asubuhi Sumari alikwenda kwa Mika.

*

Walikuwa wanne safari hii: Mika, wazee wawili wa kanisa, na Sumari aliyegeukia ukutani. Jicho la kushoto la Hanna lilikuwa limevimba hadi kufumba.

"Hanna," Mika alisema, "hayo uliyomfanyia mumeo umeyatoa wapi? Sema kweli. Kama ni mwanamume, utatengwa na kanisa na mumeo yuko huru kukufukuza. Kama umeyatoa moyoni mwako mwenyewe, basi una pepo, na ni hivyo hivyo."

Angeweza kusema: ni yangu. Yamekuwa yangu tangu kuzaliwa. Aliufikiria mlango wa nyumba yake ukifungwa. Aliwafikiria wanawe. Upande wa pili wa mlima hakukuwa na kaka wala ng'ombe wala hata jivu la jiko la baba yake. Alifikiri hayo yote kwa muda mfupi kuliko wa kuvuta pumzi.

"Ni Ndeshi," alisema. "Nilishuka kwake. Alinipa dawa."

Uso wa Mika ulilegea. Alimtazama Hanna, na Hanna akamtazama kwa lile jicho moja lililobaki wazi. Kati ya watu wote katika chumba kile, ni wao wawili tu walioijua asili ya neno hilo: lilikuwa limezaliwa kinywani mwa Mika, na sasa Hanna alikuwa amelirudisha kwake likiwa limekomaa. Mika ndiye aliyeshusha macho kwanza. Lakini alichukua kalamu, akaandika.

Barua ilikwenda kwa akida wa Wajerumani, na akida akatuma askari wawili Makumira. Wanawake hawakuchapwa kiboko, sheria ya Wajerumani ilikataza, walifungwa mnyororo. Ndeshi alipewa miezi mitatu kwa uchawi na kuwasumbua Wakristo. Alivishwa pete ya chuma shingoni, akaunganishwa na wengine sita, akawa anabeba mawe ya barabara ya Arusha. Waliomwona walisimulia kwamba alipoulizwa dawa yake ni ipi, aliuliza, "Dawa gani?" na kila alipouliza walidhani anaficha.

Mwezi wa pili alishikwa na tumbo la kuhara damu. Walimfungua mnyororo asubuhi moja walipoona anawaburuza wenzake.

Mika alitangaza kifo chake kanisani baada ya mahubiri. Hakusema kwa furaha. Alisema Bwana amehukumu, akataja namba ya wimbo. Hanna alisimama na wenzake, Resiato amemshika gauni. Aliimba. Sauti yake ilikuwa nzuri na ilisikika hadi nje, na mtoto aliinua macho akamtazama mwanamke ambaye siku hizi alimwita mama.

Alidhani mwili wake utamsusa baada ya hapo. Aliomba umsuse, ingekuwa haki. Haukumsusa. Mchana mmoja wa ukungu, akiwa peke yake, ulimjibu kama ulivyomjibu mara ya kwanza, vizuri kabisa, na alipomaliza aliuchukia kwa kutojua nani amekufa. Wiki iliyofuata alifunga mlango tena. Sumari hakumgusa tena. Alianza kunywa pombe ya ndizi kwa siri na kulala kwenye nyumba tupu ya ng'ambo ya ua.

Ulipita mwaka. Mika akaoa. Bibi arusi aliitwa Elizabeth, mwanamke mzima aliyesoma misheni, mwenye sauti ndogo. Miezi mitano baada ya harusi alikuja kwa Hanna na kibuyu cha maziwa ya mgando, akamwamkia kwa heshima, akakaa kwenye kigoda. Akazungumzia mvua. Akazungumzia kuku.

"Mama Simel," alisema mwisho, "nisamehe. Wanawake wanasema wewe uliwahi kujua jambo. Mimi na Mwalimu... naumia. Kila mara naumia, naye ananiambia nisali. Nataka tu kujua kama ndivyo ilivyo. Kama ndivyo, nitavumilia. Lakini kama kuna zaidi, nakuomba uniambie."

Hanna alimtazama yule mwanamke. Machozi yaliyomlengalenga yalikuwa ya kweli, au yalionekana ya kweli. Ni mke wa Mika. Huenda Mika amemtuma, ajue kama lile jicho moja bado linakumbuka. Huenda hakutumwa na mtu. Hakukuwa na namna ya kujua bila kulifungua jambo lenyewe, na likishafunguliwa haliwezi kufungwa.

"Hakuna zaidi," alisema. "Utazoea."

Elizabeth aliinamisha kichwa. Alishukuru, kama alivyofunzwa, akanyanyuka, akachukua kibuyu chake ambacho Hanna hakuwa amekigusa. Hanna alimsindikiza hadi mwisho wa migomba. Kutoka pale alimwona akishuka njia ya mfereji, mkono mmoja ukiwa umebana tumbo chini ya gauni lake jeupe, akitembea kwa hatua fupi za mtu anayejitahidi asionekane anaumwa. Hanna akarudi ndani. Resiato alikuwa na njaa, na jiko lilikuwa limezimika.